Usiulize kilomita ngapi, uliza mito mingapi: hesabu ya baiskeli kwenye migongo ya Murang'a

Watu wakipanga ride ya wikendi swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi, na hapo ndio mambo huharibikia. Mtu amezoea kutoka Nairobi mpaka Thika na kurudi kwa ile highway, anafika nyumbani amechoka kidogo lakini ako sawa, anaoga anaenda kuona mechi, halafu anaskia kuna ride Murang'a ya kilomita 60 tu, sitini si kitu, anakuja na mandazi mawili mfukoni na chupa moja ya maji. Saa nane mchana unampata amekaa chini ya mti wa avokado kando ya barabara, viatu amevua, haongei na mtu.

Huyo mtu alikuwa mimi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa naeleza hio siku kwa neno moja, "vilima". Vilima viko kila mahali lakini, na kuna siku zingine nimepanda kimo kikubwa kuliko hio na nikafika nikiongea. Kuna kitu nilikuwa sijaelewa kuhusu Murang'a, nacho ni kwamba barabara mbili za urefu ule ule, kwenye milima ile ile, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kulingana na vile zinakutana na mito.

Weka mkono wako mezani, kiganja chini, vidole umevitanua. Kifundo cha mkono ndio safu ya Nyandarua, ile wazungu waliita Aberdare, ambayo kule juu Satima inafika kama mita 4,000 na Kinangop mita 3,906. Vidole ndio migongo. Nafasi kati ya vidole ndio mito: Chania, Thika, Irati, Maragua, Mathioya mbili, na vijito vingine kibao ambavyo hata kwa ramani havina jina. Udongo na mawe ya pale ni kazi ya volkano za zamani, mvua ya Nyandarua ni nyingi, kwa hivo maji yameshuka kuelekea mashariki miaka na miaka yakichonga mabonde membamba yanayokwenda sambamba, na mwisho yote yanaishia kwa Tana. Wakikuyu mgongo mmoja wanauita rugongo, na zamani rugongo ndio ilikuwa karibu nchi nzima ya mtu, ukivuka mto ulikuwa unaingia kwa watu wengine.

Sasa pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya kidole kimoja kutoka kucha mpaka kifundo. Unapanda polepole, hakuna kushtuka. Halafu pitisha kidole hicho kukata vidole vyote vinne, kutoka kidole kidogo mpaka cha shahada. Juu, chini, juu, chini. Hizo ndio barabara mbili za Murang'a, ya kufuata mgongo na ya kukata migongo, na ukielewa hapo umeelewa karibu nusu ya hii makala.

Ya kufuata mgongo mfano wake mzuri ni kutoka Thika kwenda Ndakaini, kule kwenye bwawa linalopeleka maji Nairobi. Thika iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, bwawa liko kama mita 2,040, katikati kuna kama kilomita 40. Kwa hivo tofauti ya kimo ni mita 500 na kitu, ukigawanya kwa kilomita 40 unapata wastani wa mita 13 kwa kila kilomita. Kuna pahali barabara inainuka na pahali inalala, lakini mwili unajua kazi ni gani, unapanda asubuhi na unarudi mchana ukiteremka kama mfalme.

Ya kukata migongo ni kama kutoka upande wa Kandara ukipitia Kigumo mpaka Kangema halafu Kiriaini. Hapo kwa kichwa unajiambia naanza kwa kimo fulani namalizia kwa kimo ambacho si tofauti sana, kwa hivo sijapanda. Umepanda bana. Tuseme kila bonde linakushusha mita 120 na kukupandisha 120, na siku hio una mabonde 8 na vijito vyake. Hio ni karibu mita 1,000 za kupanda, mara mbili ya kwenda Ndakaini, na hujaongeza kimo chochote. Mtu akiangalia sehemu ya kuanzia na ya kumalizia haoni kitu.

Halafu kuna ile imani kwamba unachopoteza ukipanda utarudishiwa ukishuka. Huwa naiskia kila wiki. Hesabu yake haikubali, hebu ona: kilomita 3 za kupanda kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni dakika 18. Kilomita 3 za kushuka kwa 40 kwa saa ni dakika nne na nusu. Jumla kilomita 6 kwa dakika 22 na nusu, yaani wastani ni 16 kwa saa. Siyo 25 kama vile kichwa kinataka. Hata ukishuka kama mwendawazimu kwa 60, unaokoa dakika moja na nusu tu, kwa sababu muda wako wote umekaa kwenye ule mpando. Na kwa mabonde membamba huwezi kushuka kwa 60, mteremko ni mfupi, una kona, chini kuna daraja jembamba, na kabla daraja kuna mtu anavusha ng'ombe.

Kuna kitu kingine pia, nguvu uliyoweka kupanda inatupwa. Ukishuka, upepo unakula sehemu na breki zinakula iliyobaki. Kwenye tambarare adui yako mkubwa ni hewa, na hewa ina tabia mbaya ya kuongezeka kwa haraka, ukitaka kuenda mara mbili zaidi unahitaji karibu mara nane ya nguvu dhidi ya upepo. Ukipanda adui ni uzito wako, basi. Ndio maana kwa tambarare unajificha nyuma ya mwenzako na unapumzika, lakini kwa mpando wa asilimia 10 mkienda kilomita 8 kwa saa kujificha hakusaidii kitu, kila mtu anabeba mwili wake mwenyewe. Na ndio maana kikundi kinachoenda pamoja vizuri kwenye highway kinakuja kusambaratika kwa bonde la kwanza, watu wanadhani wenzao wana kiburi, kumbe ni kilo.

Tukiwa hapo kwa kilo, hebu tuifanye hesabu kabisa. Mtu na baiskeli na maji na vikorokoro vyake, tuseme kilo 85. Kuinua kilo 85 mita 1,000 juu ni kazi ya kama kilojuli 830. Mwili wa binadamu si injini nzuri, karibu robo tu ya chakula inaenda kwa pedali, ile ingine inakuwa joto (ndio unaloa jasho). Lakini kuna bahati moja, kalori moja ya chakula ni kama kilojuli 4.2, kwa hivo ile robo na ile nne zinakutana zinafutana, na kilojuli moja kwa pedali inakuja kuwa karibu sawa na kalori moja uliyokula. Yaani kila mita 1,000 unazopanda zinakudai karibu kalori 830, juu ya zile za kuenda mbele tu. Ndizi moja ni kama kalori 100. Mandazi mawili na chupa ya maji, sasa unaona ile siku yangu ilikuwa inaenda wapi.

Misuli na ini vinaweka akiba ya wanga ya kama kalori 1,600 mpaka 2,000, hio ikiisha unazima. Kuzima siyo kuchoka, ni kitu kingine, mikono inatetemeka, unaona hasira bila sababu, barabara inakuwa ndefu, na hata ukila wakati huo inachukua muda kabla uskie tofauti. Dawa yake ni kula mapema kabla ya njaa, kitu kama gramu 60 za wanga kila saa, ndizi mbili na kitu hivi, ama viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo kwangu vinashinda hizo jeli za bei ghali kila siku ya wiki. Nduma pia ni sawa, ila nduma kavu na mdomo mkavu kwa mpando, hapana, hio nilijaribu mara moja.

Sasa ukitaka namba moja ya kupimia ride kabla hujatoka nyumbani, chukua jumla ya mita za kupanda ugawanye kwa kilomita. Chini ya 5 ni tambarare. Kama 10 ni kawaida ya nchi yenye vilima. Ukifika 20 jua ni siku ya kazi. Kulinganisha tu, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Gawanya hapo, unapata kama 20 kwa kilomita. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya kutoroka pale Mont Kigali kukiwa kumebaki zaidi ya kilomita 100, na kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza walikuwa 30 peke yake. Hao ni watu ambao hii ndio kazi yao. Na ukiangalia ile njia vizuri utaona ni hadithi ile ile ya vidole, ukitoa huo Mont Kigali, ni vilima vifupi vinavyorudiwa na kurudiwa mpaka miguu inakataa. Barabara zingine za Murang'a za kukata migongo zinafika 20 kwa kilomita bila shida, tofauti ni kwamba sisi tunaenda 60 na tunasimama kunywa chai.

Kuna aina ya tatu nayo, bonde moja kubwa. Toka Murang'a uende kule Bonde la Ufa, kutoka Iten ushuke Tambach mpaka mto Kerio halafu upande Kabarnet. Mto ni mmoja tu, kwa hivo ukitumia kipimo changu cha mito bila akili utasema hio ni rahisi. Iten iko kama mita 2,400, na mpaka chini kwa Kerio unakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000. Mto mmoja lakini bonde lake linameza mabonde yote ya Kigumo mpaka Kiriaini. Na joto pia: hewa huongeza kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 ukishuka, kwa hivo unaondoka juu na jaketi na unafika chini unatafuta kivuli, halafu mpando wa Kabarnet unauanzia katika lile joto. Kwa hio ride unajipanga kama mtu anayepanda mlima: gia moja, mwendo mmoja, saa nzima au zaidi. Kwa Murang'a unajipanga kama bondia, raundi nyingi fupi na mapumziko kidogo katikati. Mimi Kerio nilifika juu nikiongea, ndio ile siku niliyotaja hapo mwanzo.

Tuje kwa asilimia, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganyikiwa, wengine wanadhani asilimia 10 ni digrii 10. Asilimia 10 maana yake ni kwamba ukienda mita 100 mbele umepanda mita 10. Kwa digrii hio ni 5.7 tu. Asilimia 100 ndio digrii 45, na hio hakuna lami imewekwa. Asilimia 3 unaiskia, 6 unaiheshimu, 10 unanyamaza, 14 unaanza kuongea na Mungu.

Shida ya asilimia ni wastani. Ukiambiwa mpando ni kilomita 1.5 za asilimia 8, unafikiria ngazi iliyonyooka, lakini migongo ya Murang'a haijakaa hivo. Juu ya mgongo ni pana na pamelala, pale ndio kuna senta, shule, kanisa, soko. Ukiteremka kuelekea mto ubavu unazidi kuwa mkali, mpaka zile mita za mwisho kabla daraja ndio mbaya zaidi. Ukivuka, mambo yanarudi kinyume: zile mita 200 au 300 za kwanza baada ya daraja ndio ukuta, halafu inalegea polepole mpaka unafika juu. Kwa hivo wastani ni 8 lakini mwanzo ni 14 na mwisho ni 4. Na huo ukuta unakutana nao wakati gani? Umetoka kushuka dakika mbili tatu bila kupiga pedali, miguu imepoa, kifua kimepoa, na gia yako bado ni ile kubwa ya mteremko.

Hapo darajani ndio pahali ningependa mtu asimame aangalie kwa karibu. Anakuja mwendesha baiskeli mgeni, amekata kona ya mwisho vizuri, amevuka daraja kwa 35, anaona mpando, anaendelea na gia kubwa kwa ile nguvu ya mteremko. Mita 30 mbele mwendo umebaki 15. Mita 20 tena umebaki 8, miguu haizunguki, sasa anakumbuka gia. Anabonyeza. Cheni iko chini ya mzigo wote wa mwili, krenki ya mbele haitaki kuachilia, inakwaruza, inaruka, halafu inatoka kabisa, na viatu vimefungwa kwa pedali. Anaanguka polepole upande wa kushoto kama mgomba uliokatwa. Watoto wa shule waliokaa kwa ukuta wa daraja wamekuwa wakisubiri hio kitu asubuhi nzima.

Dawa: badilisha kabla ya daraja, ukiwa bado unashuka, miguu inazunguka bure bila mzigo. Mbele weka ile ndogo, nyuma acha katikati, utazungusha hewa sekunde chache na utaonekana mjinga, lakini ukigusa mpando gia iko tayari na nyuma bado una nafasi ya kwenda nyepesi zaidi. Hiki kitu kimoja peke yake kimenisaidia kuliko baiskeli mpya.

Na gia zenyewe ni hesabu ya meno. Krenki ya mbele ikiwa na meno 34 na sproketi ya nyuma 32, kila mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara moja na kidogo, unaenda mbele kama mita 2.2. Ukienda 8 kwa saa hapo miguu inazunguka kama mara 60 kwa dakika, unaweza kuvumilia. Baiskeli ya zamani ya mashindano yenye 39 mbele na 25 nyuma, mzunguko mmoja ni kama mita 3.3, kwa mwendo ule ule unazungusha kama mara 40 tu kwa dakika, kila mzunguko ni kama kupanda ngazi na gunia mgongoni, na magoti ndio yatalipa. Watu wengi wananunua hizo baiskeli za mtumba wakiona jina kubwa kwa fremu, hawahesabu meno. Hesabu meno kwanza. Na usione haya kuwa na sproketi kubwa nyuma kama sahani, hata Tour de France walikatalia watu kubadilisha gia kwa cheni mpaka 1937, kabla ya hapo mtu akifika mlima unapoanza alikuwa anashuka kwa baiskeli anageuza gurudumu la nyuma ndio apate sproketi ya upande mwingine. Hao walikuwa wanaona haya, sisi tuna haraka.

Kushuka sasa. Watu wanaogopa kupanda na wanafurahia kushuka, lakini hospitali unapelekwa na mteremko. Kwa asilimia 8 ukiachilia tu bila kupiga pedali, mtu wa kilo 85 akiwa ameinama anaweza kufika karibu 70 kwa saa kabla hewa imzuie. Ile nguvu yote ya kimo lazima iende mahali, na usipoipa hewa utaipa breki. Bonde la mita 120 ni kama kilojuli 100, hio inaweza kuchemsha kikombe kikubwa cha chai. Kerio ni kama kilojuli 1,000, hio ni sufuria, lita 3 za maji kutoka baridi mpaka yanatokota. Ukishika breki kidogo kidogo njia yote ukiogopa, karibu ile chai yote unaipikia kwa rimu. Mara moja nilisimama chini ya mteremko mmoja nikagusa rimu ya mbele kwa kidole, na nilitoa kidole haraka kuliko nilivyokipeleka. Rimu ikipata joto la kutosha tyubu inapasuka, na inapasuka wakati mbaya. Afadhali usimame wima kwa pedali kifua kikiwa wazi, mwili ufanye kazi ya parashuti, halafu kabla kona ushike breki zote mbili kwa nguvu, muda mfupi, uachilie zipoe. Breki za diski zinavumilia zaidi lakini nazo zinachemka.

Rimu ukiijua bado kuna barabara yenyewe. Viwanda vya kuosha kahawa viko chini karibu na mito kwa sababu kazi yao inataka maji mengi, kwa hivo malori na pikapu zinatoka kwa vumbi jekundu zinaingia kwa lami pale pale chini, mahali wewe unapita kwa mwendo. Siku kavu ni vumbi. Siku ya mvua ule udongo mwekundu juu ya lami ni sabuni, hakuna neno lingine. Juu zaidi kwenye majani chai, malori ya kuchukua majani yanasimama kwa vibanda vya kununulia, yanatoka bila kuangalia, na kwa kila senta kuna bampu ambayo haijapakwa rangi na iko pale pale mteremko unapoanza kukupendeza. Nyinyi mnaoshuka na kichwa chini mkiangalia namba za kompyuta ya baiskeli, bampu za Murang'a zinawajua kwa jina.

Kuna kitu kinacholeta ugomvi kila tukifika, kila mtu anatoa namba yake ya mita za kupanda na hakuna mbili zinafanana. Mmoja 900, mwingine 1,150, na wamepanda gurudumu kwa gurudumu. Hakuna mwongo. Kompyuta zingine zina kipima presha ndani, zinaskia hewa ikipungua ukipanda, hizo ziko karibu na ukweli ila mvua ikija presha inabadilika na zinachanganyikiwa kidogo. Simu nyingi na app nyingi zinafanya kitu kingine, zinachukua mahali ulipo kutoka satelaiti halafu zinauliza ramani ya vimo pale ni mita ngapi. Ramani maarufu ya hio kazi ilipimwa kwa rada na chombo cha anga za juu cha Marekani mwezi wa Februari 2000, na hata ile nzuri yake kila kimo kinasimamia kipande cha ardhi cha kama mita 30 kwa 30. Kwa nchi pana hakuna shida. Kwa bonde jembamba lenye daraja, mita 30 kando ya barabara ni juu ya mgomba wa mtu au chini kwa maji, kwa hivo ramani inakuwekea kimo cha mahali ambapo hukuwa. Inaweza kufuta sehemu ya bonde, inaweza pia kukuongezea vilima vya uongo kwa barabara iliyochongwa ubavuni. Halafu kila app ina njia yake ya kulainisha. Kwa hivo kwa mabonde kama haya chukua hio namba kama makisio, na mkigombana gombaneni kwa kiasi.

Maji na chakula ni rahisi ukishajua umbo la nchi. Watu wanakaa juu ya migongo. Maduka yako juu. Chini kwa mto utapata kahawa, ndizi, nepia grass, na mtu anaosha pikipiki. Kwa hivo ukiishiwa na maji katikati ya mteremko hakuna haja ya kubana breki kutafuta duka chini, halipo, liko kilomita moja na nusu mbele yako na mita 120 juu. Mimi sasa najaza chupa kila senta hata kama imebaki nusu, kwa sababu najua kitu kinachofuata ni bonde, na kila bonde ni dakika 20 bila duka. Uzito wa nusu lita ni nusu kilo, ndio, lakini nusu kilo kwa 85 si hata asilimia moja, na wale wanaomwaga maji wapunguze uzito wakati tumbo limetangulia mbele ya usukani, sijui niwaambie nini.

Mwezi uliopita nilivuka moja ya hayo madaraja nikiwa na mzee wa maziwa. Yeye alikuwa na blakimamba yake, gia moja, mitungi miwili imefungwa kwa keria na mpira wa tyubu. Kufika darajani alishuka bila hata kujaribu, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akaanza kusukuma. Zamani ningemuonea huruma. Lakini chukua hesabu yake: yeye na baiskeli na maziwa ni zaidi ya kilo 110, mpando asilimia 12, kwa miguu ya mtu wa kawaida angekuwa anaenda kama 5 kwa saa, na 5 kwa saa ni mwendo wa kutembea. Na ile gia yake moja isingezunguka hata. Anatembea kwa mwendo ule ule bila kuua magoti, hio ni akili tu.

Mimi nilikuwa kwa 34 na 32 yangu, nikizungusha polepole, nikienda kama 6. Nampita kidogo, kwa kona ya mwinuko ananifikia, tukaenda hivo bega kwa bega mpando mzima wa bonde. Ni yeye alikuwa anaongea, mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Aliniuliza naenda wapi nikamwambia Kiriaini. Nikavuta pumzi nikamuuliza, mzee, imebaki kilomita ngapi?

Akafikiria kidogo, akarekebisha mpira kwa mtungi.

"Kilomita sijui. Bado mito miwili."